Barua ya wazi kwa vijana wetu wa Maine mnaotaka kurukia Augusta

Hamjambo wanangu.

Naandika kwa sababu ya yale maongezi yetu pale paking baada ya harusi, mlivyonizunguka vijana wanne na mmoja wenu akanionyesha kwenye simu bango lake, picha nzuri, suti ya bluu, maandishi makubwa kwamba anagombea ubunge wa jimbo la Maine, kule Augusta, makao makuu ya jimbo letu hili la Marekani. Nikamuuliza swali moja tu, mwanangu diwani wa mtaa wako anaitwa nani. Kimya. Mwenzake akaanza kugoogle chinichini akidhani sioni. Nilicheka siku ile ila nilipofika nyumbani sikulala vizuri, ndo nikasema ngoja niwaandikie kwamba njia ya Augusta inaanzia kwenye udiwani, na wengine ambao hamkuwepo mpate kusoma.

Mimi nimetoka Ujiji, wengi mnajua. Kabla sijaja huku kubeba boksi nilikuwa karani mdogo kwa mtendaji wa kata, kazi yangu kuandika mihutasari ya vikao, na nakwambieni nimeandika kurasa na kurasa kuhusu mtaro mmoja tu, nani kauziba, nani auzibue, mchanga upelekwe wapi. Diwani wetu alikuwa mzee hajasoma sana lakini akisimama kwenye kikao watu wananyamaza, manake kila mmoja pale alishawahi kumgongea mlango usiku. Mbunge yeye tulimwona wakati wa kampeni. Kwa hiyo msinione nashusha ndoto zenu, mi naongea kitu nilichokikalia miaka.

Sasa tuje huku. Mnamtaja sana Deqa Dhalac, na mna haki. Lakini mnamtaja kama vile aliamka asubuhi akajikuta Augusta. Yule mama alitoka Mogadishu vita vilipoanza kule mwanzoni mwa miaka ya 90, akaishi Atlanta kwanza, ndo baadaye akaja Maine, Lewiston halafu South Portland, na kazi yake ilikuwa ustawi wa jamii, yaani kukaa na familia za watu zenye shida, makaratasi, shule, nyumba. Mwaka 2018 akagombea udiwani South Portland, mji ambao wengi sana ni wazungu, akashinda. Desemba 2021 madiwani wenzake wakamchagua meya. Hapo mwelewe vizuri, South Portland meya hapigiwi kura na wananchi, madiwani saba wanakaa wanamchagua mmoja wao kwa mwaka mmoja. Maana yake nini? Wale wenzake sita, baada ya yeye kubishana kwenye baraza miaka mitatu kuhusu bajeti na paking na kodi ya majengo, ndo waliomwinua. Msomali wa kwanza kuwa meya Marekani, magazeti yakaandika sana hiyo, sawa, lakini mi kilichonigusa ni hicho kingine, kwamba walikuwa wameshamwona akifanya kazi. Novemba 2022 ndo akachaguliwa Baraza la Wawakilishi la Maine, yeye na Mana Abdi wa Lewiston, mwaka mmoja wote wawili.

Hesabuni wenyewe. Miaka minne ya vikao vya usiku kabla ya Augusta.

Nitawapa kisa changu mcheke. Msimu wangu wa pili wa theluji, mji niliokuwa naishi sitautaja, nimetoka shifti ya usiku nimechoka nikaegesha gari barabarani mbele ya nyumba nikalala. Kumbe kulikuwa na tangazo la kutoegesha ili magari ya kukwangua theluji yapite. Saa kumi na mbili asubuhi natoka nakuta shimo safi la umbo la gari langu, theluji pande zote, gari hakuna. Limevutwa. Nililipa pesa ambayo ilikuwa ya kodi ya nyumba. Nilikuwa na hasira za kuvunja mtu, rafiki yangu mmoja wa Uvira akaniambia usipige kelele hapa, nenda kwenye kikao cha baraza la mji, wanaruhusu watu kuongea. Nikaenda na koti langu la kazini. Wananchi tuliofika hatukuzidi watano, bibi mmoja wa kizungu alikuwa anafuma sweta kabisa. Wakaniita, wakaniambia una dakika tatu, kuna taa ndogo mezani inabadilika rangi. Nikasema kwa Kiingereza changu kile kile kwamba sikatai sheria ila tangazo limeandikwa kwa namna ambayo mtu wa shifti ya usiku hawezi kulijua. Pesa yangu sikurudishiwa. Ila diwani mmoja alinifuata kwenye korido akaniuliza nyinyi kule mtaani mnapataje habari, redio, meseji, kanisani? Hakuna mtu wa serikali aliyewahi kuniuliza swali hilo, wala Kigoma wala huku. Na yule bibi wa sweta ndo mpaka leo tunasalimiana.

Huyo bibi wa sweta mkumbukeni, nitamrudia.

Kuna mambo ya sheria ambayo nyinyi wenye mabango hamjayasoma. Katiba ya Maine inataka mwakilishi awe na miaka 21, awe raia wa Marekani kwa miaka mitano, aishi Maine mwaka mzima na kwenye eneo lake miezi mitatu. Wewe uliyeapa uraia mwaka juzi na bendera ndogo mkononi, bado. Lakini udiwani mara nyingi wanachotaka ni uwe mpiga kura uliyejisajili na mkazi wa pale. Kwa hiyo hiyo miaka unayosubiri si ya kukaa tu kwenye magrupu ya wasapu unachambua siasa za Kinshasa na Dodoma, kuna bodi za shule, kamati za mipango miji, kamati za bustani, na nyingi zinatafuta watu hazipati.

Halafu pesa. Maine ina ule mpango wao wa uchaguzi safi, wananchi waliupitisha wenyewe kwa kura 1996, serikali inakupa hela za kampeni usiende kuomba kwa matajiri. Mzuri sana, mi naupenda. Ila lazima kwanza ulete michango ya dola tano tano kutoka kwa watu wasiopungua 60, kwa kiti cha uwakilishi, na hao 60 wawe wapiga kura waliosajiliwa kwenye eneo lako hilohilo. Sasa nyie mnawaza harambee, tutaita watu ukumbini, mashemeji wa Boston watatuma, sivyo? Haiendi hivyo. Na ndugu zetu waliofika 2019 wakalala pale Expo ya Portland, ule ukumbi wa michezo, Wakongo na Waangola, wengi bado kesi za hifadhi hazijaisha, wanakupenda, wanakuombea, ila dola tano yao haihesabiki na kura hawana. Portland walipiga kura 2010 kuhusu swali la kuwaruhusu wasio raia wapige kura za mji, likakataliwa. Kwa hiyo unamhitaji nani? Bibi wa sweta. Na atakutolea dola tano kwa sababu gani kama hajawahi kukuona popote?

Watu wanadharau udiwani wanaona ni mambo ya takataka na taa za barabarani. Ni kweli, ndo hayo. Lakini South Portland hiyohiyo, 2014, baraza la mji lilipitisha sheria ndogo kukataza kupakia mafuta ghafi kwenye meli pale bandarini. Kuna bomba la zamani lililojengwa kupeleka mafuta mpaka Montreal, Kanada, wenye bomba wakashitaki mji, kesi ikaenda mahakama ya shirikisho, miaka mingapi ile, mwaka 2018 jaji akaupa mji ushindi na 2021 kampuni ikaachana na rufaa. Madiwani saba wa mji wa watu elfu ishirini na kitu. Mama Dhalac hakuwepo walipoipitisha, lakini hilo ndo baraza alilokwenda kukaa, msidhani alikwenda kugawa maua.

Na Augusta penyewe msipaone kama bungeni kwetu na viti vya kuzunguka na posho. Wawakilishi ni 151, kipindi ni miaka miwili, na ukimaliza vipindi vinne mfululizo lazima upishe. Vikao ni vya miezi, si mwaka mzima, hulipwi pesa ya kuacha kazi na kuhamia bungeni, wengi wana kazi zao zingine. Miswada inafanyiwa kazi kwenye kamati za watu 13, maseneta watatu na wawakilishi kumi, na mswada ukifika kamatini wananchi wanakuja kuongea, mvuvi wa kamba, mwalimu, muuguzi, dakika chache kila mtu. Yaani ni kilekile kikao cha mji, ukumbi mkubwa zaidi. Aliyezoea kusikiliza watu wamekasirika kuhusu theluji, pale hapati shida.

Si kila mtu anapanda kwenda juu pia. Pious Ali, Mghana, alianzia bodi ya shule Portland 2013, akaingia baraza la jiji 2016, 2023 akagombea umeya hakupata. Aliyepata, Mark Dion, alikuwa sherifu, akaenda Augusta, akawa mwakilishi na seneta, ndo akarudi kuwa diwani. Alishuka ngazi kwa macho ya kwetu, na hakuna aliyemcheka.

Mabinti, kwenu nina neno moja chungu. Safiya Khalid alichaguliwa diwani Lewiston 2019 akiwa na miaka 23, na matusi aliyotukanwa mitandaoni, mengine na watu ambao hata Maine hawajawahi kufika, mi nilisoma machache nikazima simu. Hayo yapo. Wazazi msije mkawa wa kwanza kusema "si tulikwambia". Mtu akigombea, mama mmoja ampikie, mwingine amwangalizie watoto jioni za vikao, mwingine amjibie simu.

Basi. Bango lihifadhi kwenye simu, usilifute. Nina gari la viti saba na kazi nimeshastaafu, kikao cha baraza kinachofuata naondoka saa kumi na mbili jioni kutoka nyumbani kwangu, viti sita vipo wazi. Njooni na makoti mazito maana hita ya gari imekufa, na kila mmoja awe ameandika swali lake moja kwenye karatasi, si kwenye simu. Wewe wa suti ya bluu utakaa mbele na mimi.