Barua kwa Mama Junior: hiyo stori ya mbwa ofisini

Mama Junior wangu,

Vipi Kisumu, joto limepungua ama bado mnalala madirisha wazi? Huku Lanet tuko salama, watoto wamefungua shule na baba yao anakusalimia sana.

Meseji yako niliisoma nikiwa kwa matatu, nikaona hii si ya kujibu juu juu. Ati bosi wenu mpya anataka kila Ijumaa watu waruhusiwe kuja na mbwa kazini na wewe ndiye umepewa kazi ya kuandika masharti. Najua hiyo kitu imetoka wapi, Marekani wana siku yake kabisa tangu 1999, na Amazon ikiwa bado changa kule Seattle kulikuwa na mbwa anaitwa Rufus alikuwa anazunguka tu ofisini na wafanyakazi. Sibishi, pengine kwao inawafaa. Lakini hebu tuongee ya Kisumu.

Kwanza jiulize huyo mbwa atafika kazini aje. Wewe unapanda tuktuk kutoka Kondele, yule kijana wa stoo anakuja na boda, mama wa usafi anatembea kutoka Nyalenda. Ni makanga gani atakubali upande na mbwa asubuhi na watu wamejaa mpaka mlangoni? Kwa hivyo atakayekuja na mbwa ni mwenye gari, na mwenye gari hapo kwenu ni bosi na wale wawili watatu walio karibu naye. Watakaokaa na huyo mbwa mchana kutwa ni nyinyi wengine.

Nakwambia hivi juu niliyaona. Kabla nije hapa niliko kuna ofisi nilifanya kazi hapa Nakuru town, meneja alikuwa anakuja na mbwa wake, ile mikubwa ya masikio wima, na alimpenda kweli. Saa nne mama wa chai anatoka jikoni na trei, akifika kwa mlango wa meneja anasimama, vikombe vinagongana, mbwa anainua kichwa, na meneja bila hata kutoa macho kwa kompyuta anasema ingia tu mama, haumi. Anaingia amebana ukuta, macho yote kwa mbwa, chai inamwagikia sosa. Hii ilikuwa kila siku ya Mungu. Nikamuuliza siku moja mbona hasemi, si aongee tu na meneja. Akanijibu, mkataba wangu unaisha mwezi wa kumi na mbili.

Sasa wewe ukiitisha mkutano uulize nani anapinga, unafikiri huyo mama atainua mkono mbele ya bosi? Hatainua, na mtaandika kwamba wote wamekubali.

Na usikubali mtu akwambie uoga wake ni ushamba. Watu wetu wanaogopa mbwa na sababu wanayo. Kichaa cha mbwa kimekuwa Kenya tangu 1912 na hakijaisha, hata serikali ilipopanga 2014 kwamba ikimalize kufikia 2030 Kisumu na Siaya zilikuwa kati ya kaunti za kwanza kuanziwa. Karibu watu wote wanaokufa nacho, asilimia 99, wamekitoa kwa mbwa, na dalili zikishaanza hakuna dawa, mtu amekwenda. Ndio maana mtu akiumwa anaosha kidonda na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na anakimbia hospitali kuanza sindano hata kama kidonda ni kidogo. Mtu aliyezika jirani kwa hiyo kitu huwezi kumwambia atulie.

Alafu angalia vile tunawalea. Mbwa wetu wengi mchana wamefungwa, usiku wanafunguliwa walinde boma, na wakibwekea mgeni tunawasifu. Kwa geti tumeandika MBWA KALI kwa herufi kubwa. Huyo huyo Ijumaa apelekwe katikati ya watu hawajui, mlango ukifunguliwa kila dakika, na simu zinalia, na tutegemee atulie? Mimi nafuga, unamjua Simba wetu, nampenda na sitaki kumwona amelala kwa tailsi za watu, anahema na joto la Kisumu akingoja saa kumi na moja. Hiyo ni kumtesa.

Pia umeniambia mna wenzenu Waislamu wanaoswali adhuhuri hapo nyuma ya stoo. Mate ya mbwa kwao ni najisi, wengi wao wakilambwa wanaosha mara saba na moja iwe na udongo. Watoe udongo wapi katikati ya kazi, na mswala uwekwe wapi?

Ningekuwa wewe ningemwambia bosi wazi kwamba hapana. Mbwa wa askari wa usiku abaki kwa kazi yake, na akija mtu asiyeona na mbwa wa kumwongoza huyo apokelewe bila maswali, hapo hatujadiliani. Akikataa kabisa kusikia, basi sheria ya 2007 ya usalama na afya kazini inamfunga mwajiri alinde kila mtu anayemfanyia kazi, mama wa usafi akiwemo, mkumbushe hiyo. Na kabla ya mkutano pitia mmoja mmoja, anza na jikoni na askari wa geti, uongee nao kwa Kiluo kama ndio watakuwa huru, na usiandike jina la mtu.

Ukimaliza kuandika nitumie nisome kabla haijafika kwa bosi, Jumapili jioni nitakuwa na nafasi. Mwambie Junior shangazi anamsalimia.

Wako,
Mama Njeri