Barua ya Mwalimu Mkuu kwa Wazazi: Kufunga Muhula

Ndugu wazazi na walezi,

Salaam. Muhula umekwisha salama. Matokeo ya mitihani yamo kwenye ripoti; zisomeni, mtie sahihi, mzirudishe.

Nataka kuzungumzia ile jioni ya ngoma za mataifa. Mliofika mlijionea wenyewe. Wasichana wa bharatanatyam, ngoma ya jadi ya kusini mwa India, walikunja magoti, mgongo umenyooka, huku vidole na macho vikisimulia kisa kizima. Wale wa buti za mpira walisoma kwanza habari za wachimba madini wa Afrika Kusini walioizaa ngoma ile, ndipo wakaruhusiwa kupiga kofi la kwanza kwenye buti. Na hula ya Hawaii! Mwaka 1830 ilipigwa marufuku kuchezwa hadharani. Mwaka 1883 Mfalme Kalākaua akaifanya ichezwe kwenye sherehe za kutawazwa kwake. Watoto wenu waliyajua hayo yote, na yalionekana miguuni mwao. Nimejivunia mno.

Sasa lililoniudhi. Kuna wazazi waliowatoa watoto mazoezini wakidai ngoma haitahiniwi. Kule Kambodia, utawala wa Khmer Rouge wa 1975 hadi 1979 uliangamiza wachezaji wengi wa ngoma za kifalme, na wachache walionusurika wakaifufua sanaa hiyo kwa kumbukumbu ya miili yao. Elimu ya namna hiyo huirithishi kwa daftari. Mtoto asiyefika mazoezini ameikosa, na wenzake wamebaki na pengo kwenye mstari.

Baya zaidi ni ile video. Wanafunzi walimrekodi mvulana nyuma ya jukwaa, wakamdhihaki kwamba anacheza “kike”, kisha ikafika kwenye kundi la wazazi na watu wazima wakacheka. Watu wazima! Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alicheza baleti mwenyewe mbele ya watu, na mwaka 1661 akaanzisha chuo cha dansi. Wamevlevi wa Uturuki, Waislamu wa tarika ya Kisufi na wanaume kwa desturi, huzunguka kama sehemu ya ibada yao. Yule kijana alifanya mazoezi muhula mzima na hakukosea hatua hata moja. Waliocheka wamwombe radhi, wazazi wakiwa wa kwanza.

Wanafunzi waliohusika hawataingia darasani siku ya kufungua mpaka waje na wazazi wao ofisini kwangu. Simu hairuhusiwi shuleni. Karo iliyobaki ilipwe kabla ya kufungua.

Wenu,
Mwalimu Mkuu