Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo: mimba zinazotoka hakuna anayezihesabu

Mheshimiwa Waziri,

Kwanza pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mhimilishaji. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuvaa glavu ndefu, kuweka mbegu kwenye mfuko wa uzazi wa ng'ombe wa watu, na kurudi baada ya miezi kupima kama mimba imeshika. Nakuandikia kwa ajili ya mimba nilizozipima kwa mkono wangu zikiwa hai, kisha ndama wake hawakuzaliwa.

Ya karibuni ni ya wiki 6 zilizopita. Niliitwa kabla jua halijachomoza. Ng'ombe mwenye mimba ya miezi 6 alikuwa ametupa usiku. Nilikuta kijusi kimelala kwenye matope ya zizi, ngozi laini, hakina manyoya isipokuwa vinyweleo vichache kwenye kope na ncha ya mkia. Mwenye ng'ombe alikuwa amekishika miguu ya nyuma kwa mikono mitupu, anakiburuta kwenda shimoni. Kondo la nyuma sikulikuta lote. Kipande kimoja kilikuwa kinaning'inia kwa ng'ombe, kingine kilikuwa mdomoni mwa mbwa, nyuma ya banda.

"Ametupa tu, daktari," aliniambia. "Apumzike, tutampandisha tena."

Nimeshasikia maneno hayo mara nyingi mno, na sitaki kumlaumu anayeyasema. Hakuna aliyewahi kumrudia na jibu lingine.

Mheshimiwa, ng'ombe hatupi mimba bure. Huyu anaweza kuwa na brusela, ugonjwa unaoletwa na bakteria. Bakteria hawa hulipenda sana kondo la nyuma la ng'ombe, kwa kuwa humo mna aina ya sukari, erithritoli, inayowastawisha. Ng'ombe aliyeambukizwa kwa kawaida hutupa mara moja, mimba ikiwa imevuka miezi 5, na safari inayofuata anaweza kuzaa salama kabisa. Hapo mfugaji hushukuru kwamba mnyama wake amepona, kumbe bado anamwaga bakteria kwenye maziwa na kwenye maji ya uzazi. Na mtu aliyeburuta kijusi kile, kama ana mchubuko kidoleni, anaweza kuanza kupata homa za kuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo, akatibiwa maradhi mengine kwa miezi kadhaa kabla hajatokea wa kumuuliza, "Nyumbani mnafuga?"

Jambo hili lina historia ambayo ningependa washauri wako waisome tena. Mwaka 1887 daktari David Bruce alitangaza kwamba amewapata bakteria hao kutoka kwa askari wa Uingereza waliokufa kwa homa kisiwani Malta. Ikabidi kungoja hadi 1905 ndipo daktari wa huko huko Malta, Themistocles Zammit, alipopima damu ya mbuzi na kukuta wameambukizwa. Mbuzi wenyewe walionekana wazima, wanakula, wanakamuliwa kila siku. Mwaka uliofuata askari walikatazwa maziwa yale mabichi, na homa ikapungua mno kambini. Miaka 18 ilipita kati ya kumjua mdudu na kumjua mnyama anayembeba, na muda wote huo mbuzi walikuwa wanapita mbele ya macho ya kila mtu.

Au labda si brusela. Nirudi kwa yule mbwa. Kuna kimelea kiitwacho Neospora caninum. Mbwa akila kondo la nyuma lenye kimelea hiki, anaweza kuambukizwa, kisha akatoa mayai yake kwenye kinyesi, na kinyesi hicho kikiangukia malisho au maji ng'ombe wengine wakaambukizwa. Na ng'ombe akishaambukizwa, anaweza kumpitishia kimelea binti yake akiwa bado tumboni, binti naye ampitishie wa kwake, kizazi hadi kizazi, bila mbwa kuhusika tena. Hapo ndipo mfugaji anaposema, "Ukoo wa ng'ombe huyu una mkosi." Mkosi wenyewe una jina, na kipimo cha damu kinauonyesha. Kumfunga mbwa na kufukia kondo ni kazi ya nusu saa. Lakini nani atamwambia, na kwa ushahidi gani?

Yapo mengine: bakteria waitwao leptospira, homa ya Bonde la Ufa ambayo inaweza kuangusha mimba za kundi zima kwa siku chache, bakteria wa klamidia kwa kondoo na mbuzi, ambayo ni hatari kwa mwanamke mjamzito anayewasaidia kuzaa. Sitayaeleza yote. Ninachotaka uone ni kwamba yote haya, kwa mtu aliyesimama zizini, yana sura moja: kijusi kwenye matope. Tofauti yake inaonekana maabara tu.

Siku ile nilifanya nilichoweza. Nilichukua damu ya ng'ombe, nikakata kipande cha kondo chenye vifungo vyake, yale mafundo yanayolishikiza kwenye mfuko wa uzazi, nikachukua majimaji ya tumbo la kijusi, nikavifunga na kuviweka kwenye kisanduku chenye barafu, visigande wala kupata joto. Nilisafirisha kwa nauli yangu. Walipokea, wakanipa namba. Wiki ya pili nilipiga simu, nikaambiwa vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, havipo. Wiki ya nne nikaambiwa fomu haikuwa na sahihi ya mtu fulani. Siwataji, kwa sababu sidhani kwamba ni uvivu wa mtu mmoja. Nimeona maabara ya namna hiyo zaidi ya moja, zenye wataalamu waliosoma na wanaotaka kufanya kazi. Sampuli ya mimba iliyotoka haina mwenyewe. Haiko kwenye mpango wa mwaka wa mtu yeyote, kwa hiyo hungoja nyuma ya kila kitu.

Linganisha na uangalifu tunaoutumia mwanzoni. Mbegu hukaa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Nikiutoa mrija wenye mbegu nauyeyusha kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37, nikihesabu sekunde, naukausha maana tone la maji linaua mbegu. Ng'ombe aliyeonekana kwenye joto, yaani anayetaka dume, asubuhi nampandisha jioni. Wa jioni nampandisha asubuhi. Tumefundishwa hivyo, tunakaguliwa kwa hayo, na idadi ya mirija niliyotumia inaandikwa kwenye daftari linalofika hadi ofisini kwako. Ila daftari hilo halina safu ya ndama. Wala ya mimba iliyotoka. Taarifa ikisema tumehimilisha ng'ombe wengi kuliko mwaka jana, hakuna anayejua wangapi walizaa.

Na nikubali, hata hasara inayoonekana ni sehemu ndogo. Kwa ng'ombe, mayai mengi hurutubishwa vizuri, lakini viinitete vingi hufa katika wiki 3 za kwanza. Mwenye ng'ombe haoni damu wala kijusi. Anaona mnyama amerudi kwenye joto, anasema mbegu ilikuwa mbovu, anaachana na uhimilishaji na kuazima fahali wa jirani. Fahali huyo anaweza kuwa amebeba kimelea cha trikomona kwenye ngozi ya uume wake bila dalili hata moja, akapita kwa majike ya watu wote, na majike hayo yakawa yanarudi kwenye joto bila mpangilio, miezi inapita. Nimeona hayo yakitokea. Anapimwa jike, anatibiwa jike, anauzwa jike. Fahali hakuna aliyemgusa.

Najua kuna watakaokuambia kwamba fedha ya utafiti iende kwenye mambo makubwa zaidi: viinitete vya kupandikizwa, mbegu zilizochaguliwa jinsia, upimaji wa jeni. Mimi siyapingi, nayapenda mno. Lakini naomba nikupe mfano kutoka huko huko kwenye jeni. Marekani palikuwa na fahali wa Holstein, aina ya ng'ombe wa maziwa, aitwaye Pawnee Farm Arlinda Chief, aliyezaliwa mwaka 1962. Mabinti zake walikamuliwa maziwa mengi ajabu, na walikuwa zaidi ya 16,000. Alikuwa pia amebeba hitilafu ya jeni moja. Ndama anayeirithi kutoka kwa baba na mama kwa pamoja hufia tumboni. Kwa kuwa damu yake ilisambaa duniani kote, wajukuu na vitukuu wake wakapandishwa wao kwa wao, na watafiti wamekadiria kwamba mimba zaidi ya 500,000 zilipotea kwa hitilafu ile moja. Kwa miongo kadhaa zilikuwa zinahesabiwa kama bahati mbaya, moja moja, zizi kwa zizi. Ziligunduliwa mwaka 2011, na namna zilivyogunduliwa ndiyo iliyonifanya niandike barua hii. Watafiti walipekua rekodi za jeni za maelfu ya ng'ombe na kuona kwamba mnyama aliyerithi kipande fulani cha jeni kutoka kwa wazazi wote wawili kwa hesabu alipaswa kuwapo, na hakuwapo hata mmoja. Kisha rekodi za kupandishwa zikathibitisha. Bila rekodi zile, hakuna mashine ambayo ingewaonyesha.

Kwa hiyo ombi langu, Mheshimiwa, si la mashine. Naomba mimba inayotoka iwe tukio la kuripotiwa, kama kifo kinavyoripotiwa. Kila kituo cha mifugo kiwe na kisanduku chake tayari: glavu, chupa za sampuli, mfuko wa kufungia kondo, dawa ya kuulia vijidudu, na fomu ya ukurasa mmoja ambayo mtu anaweza kuijaza akiwa amechuchumaa zizini. Maabara zipewe fungu la kazi hiyo peke yake, lisiloweza kuhamishwa, na muda wa kujibu. Damu ya pili, ile ya baada ya wiki 2 au 3, igharimiwe na serikali, kwa sababu mara nyingi kipimo kimoja hakitoshi kueleza kama ugonjwa ni mpya au wa zamani, na hakuna mfugaji atakayelipia safari ya pili kwa ng'ombe aliyekwisha kupata hasara. Fahali wa kuazimana wapimwe. Na wanafunzi wa udaktari wa mifugo wanaotafuta mada za utafiti wapewe fomu hizo wazichambue. Watakuta maswali ya kuwatosha maisha yao yote, kuanzia punda, ambao hubeba mimba karibu mwaka mzima kwa mtoto mmoja na ambao watu hatuwakumbuki kabisa tunapozungumza uzazi wa mifugo.

Jibu nalo lirudi kwa mfugaji, hata kama ni kusema chanzo hakikupatikana. Vipimo vizuri kabisa navyo hushindwa mara nyingi, na watu wanalielewa hilo wakiambiwa. Kimya ndicho kinachowafanya wasituite tena, wakazika kijusi kabla hatujafika.

Yule ng'ombe niliyekueleza ameonekana kwenye joto jana jioni. Ute safi, anapanda wenzake, dalili zote. Mwenyewe alinipigia, akaniuliza kama niende asubuhi hii kumpandisha. Nilimwomba angoje siku 21 nyingine, hadi joto linalofuata, kwani namba niliyopewa maabara bado haina majibu. Akaniuliza, "Na wakiwa hawajajibu mpaka siku hiyo?"

Swali hilo naliwasilisha kwako.

Wako katika kazi,
Mhimilishaji