Vijana wa spea, anzeni na maili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu vijana wawili wa hapa Ngamiani walionijia dukani wiki iliyopita. Wanajiandaa kwenda Guangzhou kwa mara ya kwanza kununua spea za pikipiki, na waliniuliza: tujiunge na mpango wa maili za ndege au wa pointi za hoteli, yaani zile alama ambazo kampuni humpa mteja kila anaporuka au kulala kwao, azitumie baadaye kukata tiketi au kulipia chumba? Wateja walikuwa wamejaa, nikawajibu juu juu. Imenikaa moyoni, maana mimi mwenyewe sikupata wa kunieleza.

Nina miaka 29 na China nimekwenda mara saba. Safari nne za mwanzo nilifukuzia pointi za hoteli. Nikaacha vyumba vya dola 35 pale Xiaobei, mtaa wa Guangzhou wanakofikia Waafrika wengi, nikawa nalala kwenye hoteli ya Marriott kwa dola 90, siku nane kila safari, nikiamini najiwekea akiba. Nilipokaa na kikokotoo nikaumia. Hoteli zao nyingi hutoa pointi 10 kwa kila dola, kwa hiyo siku zile nane zilinipa pointi 7,200. Ukitaka kuzigeuza maili, mashirika mengi ya ndege yanakupa maili moja kwa pointi tatu. Yaani maili 2,400, na kuzipata niliongeza dola 440 ambazo zingenunua katoni kadhaa za breki pedi.

Lakini kilichonibadilisha kabisa ni mizani. Safari ya nne, narudi nyumbani, begi moja lilisoma kilo 29.4 na ruhusa ilikuwa 23. Nikalifungua palepale sakafuni, foleni nzima inanitazama. Nikatoa beringi nilizozifunga kwenye soksi, nikavaa majaketi mawili na kujaza mifuko yote minne. Bado likazidi. Gharama ya uzito wa ziada ilikuwa kubwa kuliko mali yenyewe, nikaacha sampuli za gasketi nilizozitafuta siku mbili. Kaunta ya pembeni alikuwapo mama mmoja wa Kariakoo, mabegi matatu, hakulipa hata senti. Nikamwamkia na kumuuliza siri yake. Akanionyesha kadi ya dhahabu, ya daraja la juu ambalo shirika la ndege humpa msafiri wake wa mara kwa mara: “Mwanangu, wengine wanaitafuta hii wakanywe kahawa kule ndani kwenye ukumbi wa mapumziko. Kwangu mimi hili ndilo begi langu la tatu.”

Hapo ndipo penye faida kwa mtu wa biashara yetu. Mashirika yaliyo ndani ya Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege, humwongezea mwenye daraja la dhahabu kilo 20, au begi moja zima pale mizigo inapohesabiwa kwa mabegi. Hakuna pointi ya hoteli itakayokubebea beringi. Ila mjue kuna hesabu mbili: maili za kutumia, unazokatia tiketi, na maili za kupandia daraja, hadi ufike hilo la dhahabu. Hizi za daraja hupatikana hasa kwa kuruka, ndiyo maana kutawanya safari kwenye kampuni tano hakukufikishi popote. Ethiopian Airlines, tunayopanda wengi kupitia Addis Ababa, iliingia Star Alliance Desemba 2011, hivyo hata ukipanda Turkish Airlines au Air China unaweza kuomba maili ziingie kwenye akaunti ileile. Tiketi ya bei ya chini kabisa huleta maili kidogo, hilo mlikubali mapema.

Pointi za hoteli zina jambo moja zuri ambalo sitalificha: hazifi upesi. Za Marriott na Hilton hubaki hai mradi akaunti isikae miezi 24 bila kuguswa, na ukilala usiku mmoja tu siku zinaanza upya. Maili za Emirates huisha baada ya miaka mitatu hata kama unasafiri kila mwezi. Na rafiki yangu wa Chumbageni, ambaye ofisi yake inamlipia hoteli Nairobi karibu kila mwezi, huyo azikusanye pointi kwa mikono miwili, kwani chumba hakitoki mfukoni mwake. Awe tu mwangalifu kuweka chumba kwa hoteli yenyewe, maana ukipitia tovuti za mawakala kwa kawaida hupati pointi.

Mwisho nina ombi kwa mawakala wa tiketi hapa Tanga. Safari zangu mbili za kwanza hazikuniingizia maili yoyote kwa sababu namba ya uanachama haikuandikwa kwenye tiketi, na nilipokuja kudai, bodingi pasi nilikuwa nimeshazitupa stendi nikishuka basi kutoka Dar. Kabla hamjachapa tiketi, muulizeni kijana kama ana namba. Kama hana, msajilini hapohapo. Ni bure.

Muuza spea,
Ngamiani, Tanga