Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Fedha Tunazowalipa Wanunuzi Wetu

Ndugu wanachama,

Mambo ya kawaida ya chama mtayapata katika taarifa za katibu na mweka hazina, nami sitayarudia. Nafasi yangu naitumia kwa jambo lililotawala vikao vyetu mwaka huu: fedha ambazo sisi wasindikaji tunazilipa supamaketi zinazonunua bidhaa zetu, na mahali tunapoziandika vitabuni.

Kila anayepeleka mtindi, asali au unga supamaketi anazijua fedha hizi. Kuna ada ya kuingiza bidhaa mpya, ada ya rafu, rejesho la asilimia fulani ya mauzo ya mwaka, na mchango wa ofa za sikukuu. Wengi wetu huzirundika zote chini ya gharama za masoko, na hapo si mahali pake. Kanuni ya IFRS 15, kanuni ya kimataifa ya uhasibu kuhusu mapato, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2018, inayahesabu malipo kwa mteja kuwa punguzo la bei. Yanatolewa kwenye mapato, isipokuwa pale mteja anapotupatia huduma ya kweli inayojitegemea, ambayo tungeweza kuinunua kwa mwingine. Hata hapo, tukilipa kupita thamani halisi ya huduma hiyo, ziada inapunguza mapato.

Tuchukue kiwanda cha mfano kinachouza bidhaa za Sh 10,000,000 kwa mwaka, na kuzitengeneza kumegharimu Sh 9,200,000. Supamaketi inakata rejesho la Sh 600,000 na ada ya rafu Sh 300,000. Inatoza pia Sh 200,000 za tangazo ambalo sokoni lingegharimu Sh 120,000. Kwa mazoea yetu, faida ghafi, yaani mapato ukitoa gharama za kutengeneza, inasomeka Sh 800,000 na mwenye kiwanda anapanga kuongeza uzalishaji. Kwa kanuni, mapato yake ni Sh 9,020,000: ana hasara ghafi ya Sh 180,000 kabla hata ya kulipia tangazo. Mstari wa mwisho ni uleule kwa njia zote mbili, hasara ya Sh 300,000. Lakini bei na kiasi cha kuzalisha tunaviamua kwa kuangalia faida ghafi, na ndiyo maana nasisitiza kwamba suala hili si la karani peke yake. Kwa kiwanda hiki, kila katoni ya ziada inayouzwa kwa masharti hayo huenda ikaongeza hasara.

Rejesho la mwaka ndilo linalotuumiza zaidi. Mkataba ukisema tutarudisha asilimia fulani mauzo yakivuka kiwango, deni hilo huanza kujengeka tangu katoni ya kwanza ikiwa tunatarajia kukivuka. Lisingoje siku supamaketi itakapokata. Hata ahadi isiyoandikwa inahesabika, ikiwa ndiyo desturi baina yenu. Ada inayolipwa mwanzoni nayo husambazwa kadiri mauzo yanavyofanyika. Katika mfano uliomo kwenye IFRS 15, mtengenezaji anamlipa milioni 1.5 mnunuzi aliyejifunga kununua bidhaa za angalau milioni 15. Kila ankara inapunguzwa asilimia 10, na ile ya milioni 2 ya mwezi wa kwanza inaingia vitabuni kama milioni 1.8.

Wanaotumia kanuni za uhasibu za biashara ndogo na za kati wasijione wako nje. Toleo jipya lililotolewa Februari 2025 litaanza kutumika tarehe 1 Januari 2027, na sehemu yake ya mapato imeandikwa upya kwa misingi ya IFRS 15.

Kuna na kodi. Sheria ya Kenya ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya 2013 iliweka miezi sita tangu ankara itolewe kwa muuzaji kutoa hati ya kuipunguza. Rejesho la mauzo ya Februari likikatwa Desemba, muda umekwisha, na asilimia 16 imeshalipwa kwa fedha ambazo hatukuzipata.

Hesabu safi ni silaha pia. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliitoza kampuni inayoendesha supamaketi za Carrefour nchini faini ya takriban Sh bilioni 1.1 kwa kutumia vibaya nguvu zake za ununuzi dhidi ya wauzaji wawili, na ikaagiza marejesho yaliyokatwa yarudishwe. Kampuni ilipinga uamuzi huo. Kwetu, la kuzingatia ni kwamba mlalamikaji lazima aonyeshe kilichokatwa, lini na kwa sharti gani. Aliyefukia makato yake ndani ya gharama za masoko atapata taabu kuyafukua.

Upande wa pili wa meza nao una hatari zake. Mwaka 2014 kampuni ya supamaketi ya Tesco ya Uingereza ilitangaza kwamba makadirio ya faida yake yalikuwa yamekuzwa kwa takriban pauni milioni 250, hasa kwa kuhesabu mapema fedha za wauzaji. Kwa hiyo taarifa ya makato inayotoka kwa mnunuzi isipokewe bila kulinganishwa na mkataba.

Kamati inaleta azimio moja. Kuanzia mwaka ujao wa fedha, kila mwanachama aambatanishe na kila mkataba wa supamaketi jedwali la malipo yote anayoahidi, alisasishe kila mwezi, na amkabidhi mkaguzi wake wa hesabu nakala. Wahasibu wa chama watawasaidia wasio na mhasibu. Naomba tulipigie kura leo.

Mwenyekiti