Kuku wa Singida hapikwi kwa dakika 20

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua tuzungumze na wenye migahawa wa Singida, pamoja na wasafiri wanaoteremka hapa wakiwa na hamu ya kuku wa kienyeji. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Mwanza kwa barabara ya kati hupita mjini kwetu, na kabla hajafika Dodoma keshaambiwa na jirani yake wa kwenye basi: ukifika Singida, kula kuku. Anaingia mgahawani, anaagiza, na baada ya dakika 20 sahani iko mezani. Hapo ndipo pa kuuliza. Kuku wa kienyeji hawezi kuchinjwa, kunyonyolewa, kuiva na kukaangwa kwa dakika 20. Aliyefika mezani upesi hivyo, ama si wa kienyeji, ama alichemshwa mapema. Kuchemsha mapema si kosa. La kuangalia ni jinsi alivyochemshwa na mahali alipokaa tangu hapo.

Kwanza kuku mwenyewe. Wa kienyeji anayejitafutia, anayeokota mtama, uwele na kumbikumbi, huchukua miezi mitano hadi saba kufika kilo moja na nusu. Chotara, yaani Kuroiler, Sasso na wenzao, akilishwa vizuri hufika kilo mbili kwa miezi mitatu hivi. Mfanyabiashara akipiga hesabu anajua aelekee wapi, na hatumlaumu. Chotara ni nyama nzuri na bei yake ni nafuu. Tunachokataa ni kumuuza kwa jina la mwingine. Mlaji anaweza kumtambua hata akiwa amekaangwa. Kidari cha kienyeji ni chembamba na mfupa wake wa katikati umechomoza. Cha chotara kimejaa pande zote mbili. Mfupa wa mguu wa kienyeji ni mwembamba na mgumu, ukiuma ncha yake jino linakataa. Nyama ya paja ina rangi ya kukolea na nyuzi zake zinaonekana. Ukikuta mfupa mnene unaovunjika kwa vidole, na weusi umeuzunguka kwenye maungio, huyo alichinjwa mdogo, na wa kienyeji hachinjwi akiwa hivyo.

Halafu kuna sifa moja wahudumu hupenda kuitaja: "Huyu amechinjwa sasa hivi." Wateja hufurahi, lakini jikoni sifa hiyo ina kasoro. Kuku akishachinjwa misuli yake hukakamaa, na huhitaji saa kadhaa kulegea tena. Ukimkata na kumtia motoni katikati ya kukakamaa, utatafuna mpaka taya ziume. Afadhali achinjwe jioni, damu imwagike yote, alale kwenye jokofu lisilozidi nyuzi joto 4, apikwe asubuhi. Na wakati wa kunyonyoa, maji yasiwe yanachemka. Maji yanayochemka huivisha ngozi, nayo huchanika pamoja na manyoya. Yaepue, yapunguze kwa maji baridi kidogo, yabaki kwenye nyuzi 60 na kitu. Mzamishe kwa dakika moja hivi, kisha vuta unyoya mkubwa wa bawa. Ukitoka bila kung'ang'ania, mtoe. Vinyweleo vinavyobaki vibabue kwenye moto. Nyongo ikipasuka, kata sehemu yote iliyogeuka kijani, maana uchungu wake hauondoki kwa kuosha. Na jamani, kuku kumi wasisuuziwe kwenye beseni moja la maji yaleyale.

Kuchemsha ndiko kwenye kazi yote, na ndiko wengi wanakoharakisha. Singida iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo maji hutokota kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100 kama yale ya pwani. Mpishi aliyejifunzia Dar es Salaam akija na muda wake wa kule, kuku wake atatoka mgumu, kisha atasema kuku wa Singida ni wagumu. Kwa hapa, jogoo mchanga wa miezi mitano au sita mpe dakika 50 hadi saa nzima. Jogoo aliyepita mwaka, saa moja na nusu. Tetea mzee aliyekwisha kutaga, saa mbili na zaidi. Kosa la kila siku ni kuwachanganya wote kwenye sufuria moja: mchanga anaanza kuchambuka wakati mzee bado hajalegea, mpishi anaepua wote kwa pamoja, na mteja anayepata bawa la tetea mzee ndiye anayeumia. Tenganisha sufuria. Kama moto ni mmoja, anza na mzee, wengine wafuate kwa zamu.

Maji yafunike nyama tu, yasizidi sana. Kwa kila kilo moja tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, tangawizi iliyopondwa ya ukubwa wa kidole gumba, punje nne za kitunguu saumu. Yakianza kuchemka, punguza mkaa, funika, yatokote taratibu. Moto mkali hukaza nyama nje na kukausha supu. Utajua ameiva kwa kuangalia mguu: nyama hupanda juu na kuacha ncha ya mfupa wazi, na uma ukichomwa kwenye unene wa paja huingia bila kusukumwa. Supu inayobaki ni mali. Kuku mmoja hutoa supu ya vikombe vitatu au vinne yenye vijicho vya mafuta juu. Anayeongeza maji ya birika kila sufuria inapopungua anauza maji ya chumvi, na mlaji anajua.

Sasa hao waliochemshwa mapema. Hapa tunasema kwa uchungu, kwa sababu ni afya za watu. Sufuria iliyoepuliwa saa mbili asubuhi, ikakaa kwenye kaunta imefunikwa sahani mpaka basi la saa tisa alasiri, ni hatari. Chakula kikiwa vuguvugu vijidudu huzaana bila harufu kubadilika, na kukaanga kwa dakika nne hakuwamalizi: ngozi inakuwa ya dhahabu, ndani karibu na mfupa bado kuna ubaridi. Njia ziko mbili tu. Ya kwanza, nyama ibaki ndani ya supu juu ya moto mdogo, joto lisishuke chini ya nyuzi 60. Ukitia kijiko na kuonja supu, lazima uipulize kwanza. Ya pili, ipozwe na kuingia jokofuni kabla muda wa saa mbili haujapita tangu iepuliwe. Wengi hukosea hapo kwa kuingiza sufuria nzima ya lita 20. Katikati ya sufuria hiyo joto hubaki kwa masaa, na vyakula vingine vyote humo ndani hupata moto. Toa nyama, itandaze kwenye trei bapa, safu moja. Mteja akija, irudishe kwenye supu mpaka ichemke kabisa, ndipo iende kwenye karai. Umeme ukikatika, usifungue mlango wa jokofu; likiwa limefungwa hushikilia ubaridi kama saa nne.

Mafuta ya alizeti tunayo, mashine za kukamua zimejaa mkoani, na ladha yake kwa kuku hatuibadilishi na ya mafuta mengine. Lakini mafuta mabichi ya mashineni yana mashapo na unyevu. Ukiyamimina moja kwa moja kwenye karai, mashapo huungua, nyama hupata madoa meusi na uchungu, na unyevu hutoa povu linalomrukia mpishi. Yaache yatulie kwenye dumu siku tatu, mimina ya juu, chuja kwa kitambaa, kisha yapashe taratibu mpaka yaache kutatarika. Nyama iliyotoka kwenye supu ikauke kwanza kwenye chujio kwa dakika kumi. Tupia kipande cha kitunguu: kikizungukwa na mapovu papo hapo na kuelea, mafuta yako tayari. Dakika nne au tano zinatosha, maana kuku ameshaiva. Na mafuta yana mwisho wake. Yakitoa moshi kabla hujatia kitu, yakinata vidoleni, povu likigoma kutulia, yakinuka kama rangi ya mlango, yamwagwe. Kuyaongezea mapya juu yake ni kuharibu na hayo mapya.

Kuhusu kinachoambatana na kuku tutasema kidogo. Inasikitisha kukuta mgahawa wa Singida una chipsi na wali lakini hauna ugali wa uwele wala mlenda. Wenye migahawa husema unga wa uwele unawaharibikia. Ni kweli, uwele una mafuta mengi kuliko mtama, na unga wake huanza uchungu ndani ya wiki mbili, mapema zaidi wakati wa joto. Dawa yake ni kuhifadhi nafaka na kusaga kidogokidogo kila wiki. Mlenda nao usizidishiwe magadi. Bana kidogo kwa vidole viwili inatosha sufuria ya watu wanne, zaidi ya hapo unaonja sabuni.

Tunaomba basi kibao cha bei cha kila mgahawa kiandike kienyeji na chotara kwa mistari miwili tofauti, na mbele yake kiandikwe ni robo, nusu au mzima. Jogoo wa kilo moja na nusu akiwa hai hutoa nyama ya kilo moja hivi pamoja na mifupa, kwa hiyo robo halali ni gramu 250 kabla ya kupikwa, na hupungua ikichemshwa. Mteja akijua hivyo hatagombana na mhudumu kuhusu ukubwa wa kipande.

Na namba ya simu ya mgahawa iandikwe kwa maandishi makubwa ukutani, upande wa barabarani, ili msafiri aliyeridhika aondoke nayo na kuwapa wengine. Anayetoka Dodoma kwa gari lake apige akiwa Manyoni: zimebaki kama kilomita 120, muda unaomtosha jogoo kuchemka. Anayetoka Nzega apige akimaliza kupanda mlima Sekenke. Aseme anataka kuku wa aina gani, kipande gani, na ugali wa unga upi. Akiegesha, nyama iwe inatoka kwenye supu kwenda kwenye karai.

Ni sisi wapishi wa kuku,
Singida Mjini