Ufadhili wa chuo hukwama kwenye laini ya simu

Mhariri,

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakitoka Januari, mazungumzo mitaani huwa ya alama tu. Aliyepata C+ kwenda juu amefuzu kusomea digrii, nyumba inashangilia, kisha watu wa mitaa ya mabanda ya Mathare na Mukuru wanatulia hadi vyuo vikaribie kufunguliwa Agosti au Septemba. Miezi hiyo ya kutulia ndiyo inayowaponza watoto wa maskini.

Wengi bado hawajui kwamba tangu 2023 kuitwa chuoni kupitia KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, hakuji na pesa. Ufadhili wa serikali na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, huombwa kando, kwenye tovuti nyingine. Tena ufadhili ni wa vyuo vya umma. Aliyepangiwa chuo cha kibinafsi huambulia mkopo. Hili lizingatiwe wakati wa kuchagua kozi, maana baadaye huwa ni majuto.

Fomu hutaka nambari za mtihani wa KCPE (wa kumaliza shule ya msingi) na KCSE, kitambulisho, picha, habari za wazazi na wadhamini. Hayo hupatikana. Balaa ni simu. Laini inatakiwa iwe imesajiliwa kwa kitambulisho cha mwanafunzi mwenyewe, na wengi hutumia ya mama au ya kaka. Aliyetimiza miaka 18 aombe kitambulisho Januari hiyo hiyo, kikitoka anunue laini kwa jina lake na asiiache ikafungwa. Baruapepe nayo aifungue mwenyewe. Mhudumu wa saiba, duka la intaneti, akimfungulia, nenosiri hubaki kichwani mwa mhudumu, na ujumbe wa kumtaka mwombaji arekebishe jambo fulani humkuta muda umeshapita.

Maswali kuhusu hali ya nyumbani yanahitaji utulivu zaidi, lakini ndiyo hujazwa kwa pupa, foleni ikiwa inasukuma nyuma. Kijana huona haya kusema mama anafua nguo za watu, akaandika “mfanyabiashara”. Mwingine husahau kutaja ndugu wanne walio shuleni. Majibu hayo ndiyo huipanga familia kwenye kundi la uhitaji. Katika mgao wa 2024, familia za kundi la kwanza, lenye uhitaji mkubwa zaidi, zilitakiwa kulipa asilimia 5 ya karo, za kundi la tano asilimia 40. Kwa kozi ya shilingi 300,000 kwa mwaka, hiyo ni 15,000 dhidi ya 120,000. Majibu yaandikwe kwanza kwenye karatasi, nyumbani, mzazi akiwepo. Aliyewekwa kundi lisilomfaa anaweza kukata rufaa, ila rufaa bila stakabadhi ni maneno matupu.

Yatima, ambao hutakiwa kuonyesha cheti cha kifo cha mzazi, ndio huumia zaidi hapa. Familia nyingi huwa na kibali cha mazishi na kudhani ndicho cheti cha kifo. Sicho. Cheti hutolewa na idara ya usajili wa raia, na kifo kilichotokea nyumbani huandikishwa kupitia naibu wa chifu. Kikiwa cha miaka mingi nyuma na hakikuandikishwa, kazi ni ndefu, usiingoje Julai.

Shule zinazozuia vyeti vya KCSE kwa sababu ya deni la karo zinavunja sheria ya KNEC, baraza la mitihani, ya 2012, inayosema wazi kwamba cheti hakizuiliwi na mtu wala taasisi yoyote. Mzazi asiende kuomba huruma. Aende na sheria mkononi.

Kwa walimu wanaoandika barua za mapendekezo kwa wafadhili wengine: “ana nidhamu na bidii” haimsaidii mtu, kwa kuwa kila barua inasema hivyo. Andikeni alichofanya, alikosomea usiku, nafasi yake darasani.

Na walimu wakuu, jina la mtahiniwa lilinganishwe na cheti cha kuzaliwa wakati wa kumsajili kwa KCSE. “Njeri” akiandikwa “Njeru” hapo, atakuja kulipia hati ya kiapo kwa wakili ilhali hana hata nauli ya kufika mjini.

Wasaidizi wa wanafunzi,
Mathare, Nairobi